Mgeni na Ngoma ya Watu

Miongoni mwa mambo anayoyauliza msafiri akifika mji asioujua, baada ya pa kulala na pa kula, liko moja ambalo aghalabu huliuliza kwa sauti ya chini: muziki wa hapa unapigwa wapi? Hakusudii muziki wa redio, wala ule wa ukumbi wenye tikiti mlangoni. Anakusudia ule ambao wenyeji hujipigia wenyewe, pasi na tangazo, na ambao ungepigwa hata kama yeye asingefika. Swali hilo laonekana jepesi, mfano wa kuuliza njia ya sokoni. Lakini ndani yake mna suala zito la maadili. Je, mtu ana haki gani juu ya furaha isiyotayarishwa kwa ajili yake? Na akiipata, anadaiwa nini?

Katika nchi za Ulaya swali hili huulizwa sana juu ya Ayalandi. Msafiri anayefika Dublin au Galway, au hata Boston na Chicago walikohamia Waayalandi wengi, huelekezwa kwenye baa fulani, pembe fulani, usiku fulani wa wiki. Akifika hakuti jukwaa. Hukuta watu watano, sita, pengine kumi, wameizunguka meza wakitazamana wao kwa wao, na wengine wamewapa wasikilizaji migongo. Kuna fidla, kuna filimbi, kuna akodiani. Ala ambazo mpenzi wa taarabu wa Unguja hatazionea ugeni. Mmoja huanzisha tuni, wanaoijua huingia, na wasioijua huziweka ala zao magotini wakasikiliza. Hakuna anayengoja makofi. Mpigaji mgeni aweza kuketi akikaribishwa. Ila akipiga kwa nguvu kuwashinda wenziwe, au akaanzisha tuni kabla hajaombwa, huenda asifukuzwe, lakini kila mmoja pale atajua kuwa hakufunzwa adabu ya fani hiyo.

Mgongo ule una maneno yake, na mlango ulio wazi una yake. Mgongo unasema: hatukupigii wewe. Mlango unasema: hatukukatazi. Mgeni amesimama kati ya kauli hizo mbili, na kila kosa la mgeni ngomani hutokana na kuisikia moja akaiacha ya pili. Anayeusikia mlango peke yake huingia kama mnunuzi. Anayeusikia mgongo peke yake huondoka, akajinyima kitu ambacho hakuna aliyemnyima.

Suala hili halihitaji kuletwa kwa meli kutoka Ulaya. Liko nyumbani, na pahala pazuri pa kulitazama ni Mwembesongo, kata mojawapo ya Manispaa ya Morogoro, mji uliolala chini ya milima ya Uluguru. Kwa msomaji wa visiwani jina lenyewe lina harufu ya kwao, kwani Unguja iko Mwembeladu, iko Mwembetanga, iko Mwembemakumbi, na Mombasa iko Mwembe Tayari. Mwembe uliostahili kuupa mtaa jina yumkini ulikuwa na kivuli, na penye kivuli watu hukutana.

Morogoro una sifa ya muziki inayoutangulia. Reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika hapo mwaka 1907, na kwa ajili ya reli na mashamba ya mkonge wakaja watu wa makabila mengi. Bendi ya Morogoro Jazz iliasisiwa mwaka 1944. Mwaka 1948 Salum Abdallah akaanzisha bendi iliyokuja kujulikana kwa jina la Cuban Marimba, akaiongoza hadi alipofariki kwa ajali ya gari mwaka 1965. Mbaraka Mwinshehe, aliyejiunga na Morogoro Jazz katika miaka ya 1960, alifika na bendi hiyo hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya mwaka 1970. Mwaka 1973 akaunda Super Volcano, na Januari 1979 naye akafa kwa ajali ya gari nchini Kenya. Mwenye kuzipenda nyimbo za watu hao hushuka Morogoro akitaraji kuzikuta zimeketi zikimngoja. Hazimngoji. Muziki ule uliondoka na watu wake, na uliobaki umo katika santuri, katika kanda, na katika vifua vya wazee waliowahi kuucheza.

Anachokikuta msafiri huyo Mwembesongo, kama katika mitaa mingi ya miji ya Tanzania, ni kingine. Ni sauti ya ngoma usiku, nyuma ya nyumba tatu au nne, mahali asipopaona. Akimwuliza mwenyeji, "Ngoma iko wapi?", mara nyingi hatajibiwa kwa jina la mahali, bali kwa jina la mtu: iko kwa fulani, anamcheza mwanawe. Na jibu hilo limebeba falsafa nzima. Kwa msafiri, ngoma ni kitu kilicho mahali, nacho kinaweza kuendewa. Kwa mwenyeji, ngoma ni shughuli ya mtu, na anayekwenda humwendea mtu huyo, si ngoma. Ndiyo maana Kiswahili kinaye "mwenye shughuli", na husemwa kwamba mwali "huchezwa". Ngoma ile ina pa kwenda: inamwendea binti aliyekuwa ndani, sasa anatolewa nje.

Kwa Waluguru, ambao ukoo wao huhesabiwa upande wa mama na mjomba ana sauti kubwa katika mambo ya watoto wa dada yake, kutolewa mwali si jambo la nyumba moja. Ni ukoo unaoonyesha kuwa umepata mwanamke mwingine wa kuuendeleza. Anayepiga ngoma pale, anayeitikia, anayepika nyuma ya nyumba na anayeshangilia wote wana sehemu yao katika kazi hiyo. Mgeni aliyevutwa na mdundo hana sehemu. Hilo si tusi kwake. Ni hali yake tu, nayo ndiyo anayopaswa kuanza nayo.

Wako watakaosema kwamba maneno haya ni kuyakuza mambo. Watasema sauti haina mwenyewe. Ngoma iliyopigwa uani imekwisha kuruka ukuta, imeingia barabarani, imemkuta mpita njia kitandani mwake bila ya kumwomba ruhusa. Basi naye ana ruhusa gani ya kuomba ili aifuate? Hoja hii ina nguvu, lakini inachanganya mambo mawili. Kusikia si kuhudhuria. Harufu ya pilau nayo huruka ukuta, na hakuna aliyewahi kudai kwamba aliyeinusa amealikwa mezani. Sauti ikitoka nje humpa msikiaji habari, si kiti. Na kwa hakika sehemu ya maana ya ngoma ile ni kwamba isikike na wasiokuwapo, ili mtaa ujue kuwa kwa fulani kuna jambo. Aliyeisikia akiwa njiani, akajua, akapita zake, ameshafanya alichotakiwa kufanya.

Wengine watashika njia nyingine, waseme kwamba Waswahili ni watu wa ukarimu, na wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni kweli walinena. Lakini wahenga hao hao walinena pia kwamba mgeni apewe jembe siku ya tatu, na hakuna anayeruhusiwa kuishika methali ya kwanza akaificha ya pili. Isitoshe, ukarimu ni fadhila ya mwenyeji, wala haugeuki kuwa haki ya mgeni. Mara tu mgeni anapoudai, kitu anachopewa si ukarimu tena, ni kodi. Mwenye shughuli aliyemkaribisha mtu asiyemjua kwa sababu ameona haya kumrudisha mlangoni hakuwa mkarimu, bali ameshindwa.

Ikiwa ni hivyo, je, msafiri akae chumbani mwake, aufunge mlango, alale? Hapa ndipo historia ya wale wapigaji wa Ayalandi inapofaa, kwani ina jambo ambalo wengi wanaowatafuta hawalijui. Wageni hudhani kwamba kuketi baa na kupiga fidla ni desturi ya tangu na tangu ya nchi ile. Sivyo. Zamani muziki ule ulikuwa wa majumbani na njia panda, watu wakicheza jikoni kwa jirani. Sheria ya kumbi za dansi ya mwaka 1935 ilitaka dansi ya hadhara iwe na leseni, na ikatumika pia kuzibana dansi za nyumbani, mapadri wakiiunga mkono. Kisha, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, vijana wengi wakavuka bahari kwenda kufanya kazi za ujenzi Uingereza. Huko London walilala katika vyumba vya kupanga, wengine wakishirikiana chumba kimoja, na haikuwezekana kupiga fidla usiku kwenye nyumba ya mwenye nyumba. Basi wakakutana baa, katika mitaa kama Camden na Kentish Town. Mikao ile ikashika mizizi London, na nyumbani ikapata nguvu katika tamasha zilizoanza mwaka 1951, lilipoundwa shirika la kuuhifadhi muziki huo.

Kwa maneno mengine, mkao ule ambao leo mgeni huutafuta kama kiini cha wenyeji, kwa kiasi kikubwa ulitengenezwa na wageni. Ni nyumba ya wasio na nyumba. Hata mkusanyo mkubwa wa tuni za Ayalandi uliochapishwa mwaka 1903, wenye tuni 1,850, ulikusanywa Chicago na Francis O'Neill, mhamiaji kutoka Cork aliyekuwa mkuu wa polisi wa jiji hilo. Na wengi waliompa tuni hizo walikuwa wahamiaji kama yeye.

Mtu akiirudia Morogoro na jicho hilo, ataona vivyo hivyo. Bendi zile zilizoupa mji jina zilizaliwa katika mji wa reli na mkonge, katikati ya watu waliotoka mbali, na jina la Cuban Marimba lenyewe linakiri deni lake kwa santuri za kisiwa kilicho ng'ambo ya bahari nyingine. Unguja nako mambo si tofauti. Siti binti Saad hakuzaliwa mjini. Alizaliwa shamba, Fumba, akaingia mjini akiwa muuza vyungu, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kutia sauti katika santuri. Na taarabu, ambayo leo ni nembo ya visiwa, ilipokewa kutoka Misri kwenye jumba la sultani kabla ya kupata Kiswahili chake Ng'ambo. Mwenyeji wa leo ni mgeni wa juzi aliyeshika jembe.

Kutokana na hayo, jawabu linaanza kuonekana. Mgeni hana haki ya kuingia. Lakini wala hakukatiwa daima kwamba atakaa nje. Kati ya nje na ndani kuna njia, nayo hupitwa kwa kazi. Suala linalobaki ni kazi gani afanye asiyejua kupiga, asiyejua kuimba, na ambaye kesho kutwa anapanda basi kurudi kwao.

Kazi ya kwanza ni kuuliza, na kuuliza kwa mtu, si kuufuata mdundo. Anayeuliza "shughuli ya nani?" badala ya "ngoma iko wapi?" ameshakiri kwamba kuna mwenyewe. Na anayeuliza kweli yuko tayari kuambiwa hapana. Ziko sehemu za ngoma ya mwali ambazo ni za wanawake peke yao, na ziko ambazo ni za waliokwisha kuchezwa tu. Mgeni anayeambiwa kwamba hapa si pako hajadhulumiwa. Ameambiwa ukweli kuhusu kitu alichokuja kukijua, na pengine huo ndio ukweli mkubwa kuliko wote atakaoupata safarini.

Kazi ya pili ni kuonekana. Anayesimama gizani nyuma ya uzio akatazama bila kutazamwa amejitwalia nafasi ambayo hata mwenye shughuli hana, kwa kuwa ngomani kila mtu huonwa. Simu za mkononi zimeufanya wizi huu kuwa mwepesi zaidi: mtu huinua mkono, akachukua picha na sauti ya binti wa watu, akaenda nazo asikokujua mwenyewe binti. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alizipiga ngoma za unyago jukwaani mbele ya mataifa, na wako waliomlaumu na wako waliomshukuru. Lakini hata anayemlaumu hawezi kukana jambo hili: alikuwa kungwi, alijua alichokibeba, na ni yeye aliyeamua nini kitoke na nini kibaki. Mwenye simu nyuma ya uzio hajui lipi la kutoka, kwa hivyo hukitoa chote.

Kazi ya tatu ni tuzo, na hapa watu wa taarabu wana la kuufundisha ulimwengu. Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Tuzo si kiingilio. Kiingilio hulipwa mlangoni kabla ya kusikia, nacho humpa mlipaji haki ya kudai. Tuzo hutolewa katikati ya wimbo, mbele ya macho ya watu, na haimpi mtoaji haki yoyote. Ila ina hatari yake. Mwanamke anayeinuka na noti mkononi, akaenda kwa madaha hadi mbele ya mwimbaji, mara nyingi amelichagua beti lake. Anamwambia mtu fulani ukumbini neno ambalo hatalitamka kwa mdomo wake. Mgeni aliyefurahishwa na sauti, akainuka kwenye beti hilo hilo bila ya kujua fumbo lake, aweza kuwa ameingia katika ugomvi wa majirani wawili na kusimama upande mmoja. Nia yake njema haimwokoi. Basi na amwulize aliyeketi naye, au angoje mwisho. Kutojua si dhambi, lakini kunataka mwendo wa polepole.

Itaulizwa kuhusu fedha, na ni haki kuulizwa. Wapo wapenzi wa muziki wa asili ambao huona kinyaa wakisikia kwamba mpigaji amelipwa, kana kwamba pesa zimeutia najisi wimbo. Hao nao ni wadai. Mpigaji ana watoto, na anayemtaka apige bure ili yeye msafiri apate kuamini kuwa amekiona kitu safi anamtoza mwenzake gharama ya ndoto yake. Taarabu iliyofupishwa ili iende sambamba na chakula cha jioni hotelini si uovu, maadamu kila mmoja ajua kuwa ni kazi, na kazi ina ujira. Ubaya huanza pale kazi inapovikwa nguo ya shughuli, mgeni akaambiwa kwamba hii ndiyo ngoma ya kijiji ilhali kijiji kimelala. Hapo mpigaji amefundishwa kujifanya yeye mwenyewe, na hakuna kazi inayochosha kuliko hiyo.

Na wageni wakizidi, hata mapenzi yao huweza kuua wanachokipenda. Mwaka 2021 huko Dublin, watu waliandamana kuitetea baa ya Cobblestone, mojawapo ya makao mashuhuri ya muziki ule, ilipotakiwa kujengwa hoteli mahali pale. Na mwaka huo huo halmashauri ya jiji ikaukataa mpango huo. Hoteli ni kwa ajili ya wageni, na sehemu ya wageni huja mjini kwa ajili ya muziki. Hivyo kitanda cha mgeni kilikuwa karibu kuchukua nafasi ya kiti cha mpigaji aliyemleta.

Lakini haitakuwa insafu kumpa mgeni madeni yote na mwenyeji asipewe lake. Miongoni mwa nyimbo za Siti binti Saad uko ule wa Kijiti, unaohusu mwanamke aliyekuja Unguja mgeni kutoka bara, akatoka matembezini, na asirudi hai. Muuaji aliponyoka. Kwamba mji ulilia kwa wimbo, na kwamba wimbo huo bado unakumbukwa baada ya miaka mingi, ni ushahidi kwamba watu waliona jambo kubwa kuliko kifo cha mtu mmoja: mgeni aliuawa mikononi mwa waliompokea. Akishaambiwa karibu, mgeni ni amana. Anayemwingiza mtu ngomani amejifunga kumrudisha salama, kumwambia pa kukaa na pa kunyamaza, na kumkinga na aibu asiyojua kuwa anaitafuta. Mwenyeji asiyeweza hayo ni bora aseme hapana mlangoni.

Hivyo haki na wajibu hugawanyika baina ya wawili. Mgeni anayo haki ya kuuliza, na wajibu wa kuridhika na jibu. Mwenyeji anayo haki ya kukataa, na akikubali, wajibu wa kulinda. Yanayobaki baina yao ni ya ihsani, na ihsani haiandikiwi sheria.

Msomaji wa visiwani ana bahati, au mtihani, wa kukalia viti vyote viwili. Tangu mwaka 2004, tamasha la Sauti za Busara likiujaza Mji Mkongwe watu kutoka pembe zote, yeye ndiye mwenyeji, na yeye ndiye anayenung'unika juu ya mgeni aliyechungulia uani kwake wakati wa shughuli ya nduguye. Mwezi unaofuata huenda akapanda boti, kisha basi, ashuke Morogoro, alale Mwembesongo, na usiku asikie ngoma nyuma ya nyumba. Wakati huo atajua kama manung'uniko yake yalikuwa ya haki au ya wivu tu, kwa kutazama anachokifanya: kama atatoka kwenda kuuchungulia uzio wa watu, au atamgongea mwenye nyumba wake na kumwuliza, kwa taratibu, leo kwa nani kuna shughuli.